Vienna mwezi wa Januari na mama mwenye magoti: nyumba ndogo ya wageni au hoteli?

Kifunguamimba

Habari zenu. Naomba msaada wa watu waliowahi kulala kwenye nyumba hizi wenyewe, siyo waliosimuliwa.

Nampeleka mama yangu Vienna Januari. Ana miaka 68, magoti yote mawili yanamsumbua, la kulia zaidi, na anameza dawa ya presha kila asubuhi. Mtauliza kwa nini Vienna na kwa nini wakati wa baridi. Mama alikuwa fundi cherehani. Ukutani, juu ya cherehani yake, kulikuwa na picha aliyoikata kwenye kalenda ya zamani: wawindaji watatu wanarudi kijijini na mbwa wao, theluji kila mahali, na kule chini watu wanacheza juu ya mabwawa yaliyoganda. Ulikuwa ukurasa wa Januari. Miezi mingine kumi na moja aliitupa. Nimekuja kujua ukubwani kwamba picha hiyo ilichorwa na Pieter Bruegel mwaka 1565, na kwamba ile halisi, iliyoguswa na mkono wake, iko Vienna kwenye jumba la Kunsthistorisches Museum. Nilipomwambia, mama alinyamaza, kisha akauliza, "Na theluji yenyewe ipo huko?" Basi.

Tunafika Jumamosi jioni, tunakaa usiku tisa. Nimepata sehemu mbili. Ya kwanza ni hoteli karibu na kituo kikuu cha treni, euro 121 kwa usiku bila chai ya asubuhi. Ya pili ni nyumba ndogo ya wageni katika wilaya ya 7, Neubau, vyumba kumi tu, euro 68 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi, ila bafu na choo viko kwenye korido. Usiku tisa hapo ni euro 612. Kwa hela hiyo hiyo hotelini ningepata usiku tano, na safari ya usiku tano kwa mtu anayetembea polepole kama mama ni kupanda ndege tu na kushuka.

Hofu zangu: baridi chumbani. Choo cha nje, maana mama anaamka mara mbili usiku. Ngazi sina wasiwasi sana, tangazo linasema "1. Stock" na lifti ipo, kwa hiyo ni ghorofa ya kwanza. Na ndugu zangu wote wananiambia namtesa mzee kwa ubahili. Hilo limeniumiza kuliko bei. Viza tunaomba wiki ijayo, kwa hiyo lazima niamue sasa.

Jongoo

Dada, mimi nasema usiende.

Nililala nyumba ya aina hiyo Februari moja, mji mwingine wa Ulaya ya kati. Chumba kilikuwa kisafi, sitasema uongo. Lakini kuanzia saa nne usiku zile hita za ukutani zikaanza kupoa, na kufika saa nane nilikuwa kitandani na koti. Nikashuka kutafuta mtu. Hakuna mtu. Mapokezi yanafungwa saa mbili usiku na mwenye nyumba analala kwingine.

Na huo haukuwa usiku mbaya zaidi. Usiku wa kwanza treni yangu ilichelewa, nikafika saa tatu kasoro, mlango wa barabarani umefungwa, napiga simu haipokelewi. Nilikaa kituo cha treni mpaka kukapambazuka. Nina miaka 34 na nilikohoa wiki mbili. Mama wa miaka 68? Lipa hoteli siku tano mrudi salama. Ndugu zako hawakuchukii, wanaogopa tu.

BabuWaTreni

Jongoo, pole sana. Kulala kituoni Februari si jambo dogo, na sitaki kulipunguza. Lakini nadhani yote mawili yaliyokupata yangeweza kuzuilika kwa barua moja, na ndiyo maana namwandikia Kifunguamimba kwa urefu.

Kazi ilinipeleka Austria kila baridi kwa miaka kumi na miwili, na posho ya malazi ilikuwa ndogo. Nimelala katika nyumba hizi Vienna, Graz na Linz. Wenyewe wanaiita Pension. Ukiona neno hilo kwenye kibao cha mlangoni usidhani ni ofisi ya mafao ya wastaafu. Mara nyingi ni ghorofa moja au mbili ndani ya jengo la kawaida ambamo watu wengine wanaishi na familia zao.

Nianze na ngazi, kwa sababu hapo ndipo hukuogopa, na hapo ndipo mama yako angeumia. "1. Stock" si lazima iwe ghorofa ya kwanza unayoifikiria. Katika majengo ya zamani ya Vienna, juu ya Parterre, yaani usawa wa barabara, panaweza kuwa na Hochparterre, na juu ya hiyo Mezzanin, ndipo "1. Stock" ianze. Nimewahi kupanda vidato 61 na sanduku mkononi kwenda "ghorofa ya kwanza". Lifti nazo nyingi ziliwekwa baadaye katika jengo ambalo halikujengwa kwa ajili yake. Nyingine inaanzia baada ya vidato kadhaa kutoka mlangoni, nyingine inasimama katikati ya ghorofa mbili, unamalizia kwa miguu. Kwa hiyo usiwaulize kama wana lifti. Watakujibu ndiyo, na watakuwa wamesema kweli. Waulize: kutoka barabarani hadi mlango wa lifti kuna vidato vingapi, na kutoka lifti hadi kitanda vingapi. Waombe namba, na waeleze kwa nini unaitaka. Mwenye nyumba akishajua kuna goti la mzee, atatoka akahesabu.

Sasa baridi. Jongoo, kilichokupata kina jina, wanaita Nachtabsenkung: mtambo wa joto wa jengo hupangwa upunguze moto usiku watu wakiwa wamelala chini ya duveti nene. Sehemu nyingine unapunguzwa kidogo, husikii. Nyingine unapunguzwa sana, kama ilivyokuwa kwako. Ni swali la kuuliza waziwazi: usiku mnapunguza joto, na kwa mgeni mzee mnaweza kutupa hita ndogo ya umeme? Kila nyumba niliyouliza walikuwa nayo stoo.

Kwenye hita ya ukutani utakuta kifundo cha kuzungusha chenye namba 1 hadi 5 na alama ya theluji. Watu wanafika na baridi, wanakizungusha hadi 5 wakidhani joto litakuja haraka. Haliji haraka. Namba inaamua chumba kiishie joto gani, siyo kasi. Namba 3 ni kama nyuzi 20, na kwa mama weka 3 na nusu. Alama ya theluji inazuia mabomba yasigande tu, ukiacha hapo mtalala barafuni. Na usitandaze makoti juu ya hita wala kuifunika kwa pazia refu, joto lote litabaki nyuma ya pazia likipasha ukuta.

Kitu kimoja kilichonishangaza mwanzoni: sehemu kubwa ya Vienna hupata joto kwa mabomba yanayopita chini ya ardhi, na mtambo mmojawapo ni wa Spittelau, ambao unachoma taka za mji. Baada ya kuungua mwaka 1987, msanii Hundertwasser aliubuni upya ukatoka na bomba la moshi lenye tufe la dhahabu. Mpeleke mama auone hata kwa dirisha la treni. Mimi nilikuwa nikishika hita usiku nawaza kwamba maganda ya viazi ya mtu fulani ndiyo yananipasha.

Asubuhi mtaona majirani wanafungua madirisha wazi kabisa kwenye baridi kali. Fanyeni hivyo hivyo: dakika tano, wazi yote, kisha funga. Usiache dirisha limeinama nusu kutwa nzima, chumba kitapoa hadi kwenye kuta na jioni hakitapata joto tena.

Mengine nayapitia haraka. Mnafika Jumamosi jioni, na kwa sheria ya Austria maduka ya kawaida hufungwa Jumamosi saa kumi na mbili jioni, Jumapili hayafunguliwi. Ila supamaketi za ndani ya vituo vikubwa hufungua Jumapili, na Westbahnhof iko jirani na Neubau. Mwandikie mwenye nyumba saa ya ndege yenu, na umuulize mtaingiaje mkichelewa. Wengi wana kisanduku cha funguo chenye namba ya siri karibu na mlango. Usisafiri bila hiyo namba mkononi. Mkifika mtajaza fomu ya jina, uraia na namba ya pasipoti. Ni sheria kwa kila mgeni nchini, msihofu. Uliza kama kodi ya mji imo kwenye bei na kama wanataka taslimu. Na kwa viza, mwombe uthibitisho wenye majina yenu wote wawili kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe zote na anwani. Bima ya matibabu isiwe chini ya euro 30,000, na mweke mama kwenye bima inayotambua presha yake.

Hoteli ni nzuri pia, sikatai. Lakini usiku tano ni usiku tano.

Kifunguamimba

Shikamoo babu. Nimesoma mara tatu. Nimeandika jana usiku, na jibu limekuja asubuhi saa moja, kwa Kiingereza kifupi kifupi.

Vidato 7 kutoka barabarani hadi lifti. Lifti inasimama katikati, vidato 9 kupanda. Kwa hiyo 16, na ameandika kwamba vina mkono wa chuma upande wa kulia ukipanda, kitu ambacho sikuuliza. Joto wanapunguza kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, hita ndogo ipo. Mapokezi mwisho saa mbili, lakini yeye analala ndani ya nyumba hiyo hiyo, nibonyeze kengele.

Halafu akasema ana chumba kidogo upande wa uani chenye choo ndani, bafu tu ndilo la korido, euro 74. Ni euro 54 zaidi kwa siku zote. Nimekichukua. Ndugu bado wananuna.

MpishiWaAsubuhi

Umefanya vizuri kuchukua uani. Upande wa barabara tramu zinaanza alfajiri.

Mimi nimeziona nyumba hizi kwa nyuma. Nilifanya kazi baridi nne katika Pension moja Salzburg, naandaa chai ya asubuhi, kisha napanda kutandika vitanda. Ngoja nikwambie yale ambayo mgeni haambiwi.

Kitanda cha watu wawili kitakuwa na duveti mbili, kila mtu na yake. Wageni wengi wanadhani tumesahau shuka la juu na blanketi. Hatukusahau, ndivyo kunavyolalwa huko. Duveti inakunjwa imesimama juu ya kitanda, unaifungua mwenyewe. Ni nyepesi mkononi na mama ataidharau, mwambie avumilie robo saa tu.

Kitakachomsumbua mama si baridi, ni ukavu. Hewa ya nje ya baridi haina maji mengi, ikiingia ndani ikapashwa moto inanyonya ngozi, midomo na pua. Nimewahi kubadilisha foronya nyingi zenye damu ya pua, na wageni wanaona aibu, wanazificha. Tandaza taulo iliyolowa karibu na hita usiku, si juu ya umeme, na mpake mama mafuta ndani ya pua kabla ya kulala. Anywe maji. Maji ya bomba ya Vienna ni ya chemchemi za milimani, bomba la kwanza lilifika mjini mwaka 1873, kwa hiyo usinunue chupa.

Chai ya asubuhi: mikate midogo ya mviringo iitwayo Semmel, jibini, nyama baridi iliyokatwa nyembamba, jamu, yai la kuchemsha, kahawa au chai. Kama hamli nguruwe, semeni siku ya kwanza, maana ile nyama mara nyingi ndiyo. Mama akitaka kitu cha moto, uji wa shayiri kwa mfano, omba usiku, siyo asubuhi nikiwa na meza kumi. Na usifunge mikate kwenye leso kwa siri. Sema tu mama lazima ale kitu na dawa mchana. Mimi nilikuwa nawafungia wazee mikate kwa furaha, waliojificha ndio walinikasirisha.

Bafu la korido: saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi kila mtu analitaka. Mwogesheni mama wakati wengine wameshatoka, kama saa nne, mtakuwa na maji ya moto na muda. Mama avae kandambili zenye soli inayoshika, vigae vile vinateleza. Usipike chumbani, wala usichemshe maji kwa kichemshio chako. Nenda jikoni na chupa ya chai, hakuna atakayekunyima maji ya moto.

Viatu vilivyolowa visiwekwe juu ya hita, ngozi inapasuka. Vijaze magazeti. Karibu na mlango kuna sinia la plastiki, ni la viatu, na barabarani humwagwa kokoto ndogo dhidi ya utelezi zinazoingia na soli na kukwaruza mbao za sakafu. Kitu kilichokuwa kinanitoa machozi ni hizo kokoto.

Na ufunguo: usiuache ndani ya tundu la mlango ukilala. Mama akianguka usiku nawe umetoka, hakuna atakayeweza kufungua kutoka nje.

Kifunguamimba

Dada, hilo la ufunguo nisingelifikiria maisha yangu yote. Ahsante.

Kifunguamimba

Tumerudi. Niliahidi moyoni nitaandika, na nyie ndio mliotulaza vizuri, kwa hiyo someni.

Ndege ilichelewa dakika hamsini. Tulichukua treni ya S7 hadi Wien Mitte, tukabadilisha kwenda treni ya chini ya ardhi, U3, hadi Westbahnhof, na vituo vyote vitatu vilikuwa na lifti. Saa mbili na robo tukabonyeza kengele. Akashuka mwenyewe, mama wa makamo mwenye sweta la kijani, akabeba sanduku la mama bila kuuliza. Vidato vilikuwa 7 na 9 kweli. Mama alivihesabu kwa sauti.

Chumba kilikuwa kidogo, tukifungua sanduku moja hapakuwa na njia. Lakini kilikuwa na joto, na dirisha lilikuwa la aina niliyokuwa sijaiona: madirisha mawili, moja ndani moja nje, na nafasi ya shubiri moja katikati. Tuliweka maziwa humo yakakaa baridi siku zote tisa. Usiku ule mama aliidharau duveti kama ulivyosema, akaomba blanketi. Kabla sijalipata alikuwa anakoroma.

Babu, hita ndogo tuliiwasha usiku miwili tu. Namba 3 na nusu ilitosha.

Siku ya tatu lifti iliharibika. Hapo nilisikia sauti za ndugu zangu wote kichwani. Kutoka barabarani hadi kwenye nyumba ilikuwa vidato 52 kwa miguu. Mwenye nyumba alikuja kabla hatujatoka, akasema fundi atakuja kesho yake mchana, kisha akachukua kiti cha chumba cha chai akakiweka kwenye kituo cha katikati ya ngazi. Kiti cha mbao chenye mto mwekundu. Mama alipanda hadi hapo, akakaa, akasalimiana na majirani wote waliopita kwa ishara, akapanda tena. Kilikaa pale siku mbili. Jirani mmoja mzee naye alianza kukitumia.

Nje baridi ilikuwa kati ya nyuzi 3 mchana na 4 chini ya sifuri usiku, ila upepo ndio uliokuwa na meno. Jua linazama saa kumi na robo hivi, kwa hiyo mipango yote tuliiweka mchana. Mahali kuta zimeegemezewa fito ndefu, maana yake theluji inaweza kudondoka kutoka paani, unapita mbali na ukuta. Niliambiwa hilo na mwanafunzi tuliyekutana naye baada ya mimi kumvuta mama upande huo huo ili apate pa kushika. Nawaandikia msirudie.

Mahali palipomsaidia zaidi mama ni Palmenhaus ya kasri la Schönbrunn, jumba la vioo la mwaka 1882 lililojaa mimea ya nchi za joto. Unaingia kutoka kwenye barafu, miwani inafunikwa na mvuke, na magoti yanalegea. Tulikaa saa mbili. Pia nyumba za kahawa: unaagiza kikombe kimoja, wanakuletea na glasi ya maji, na hakuna anayekufukuza. Kwa mtu anayehitaji kupumzika kila nusu saa, kikombe kile ni kodi ya kiti.

Jumba la picha linafungwa Jumatatu, tukaenda Jumatano. Kuna makochi mbele ya picha. Mama alikaa, mikono juu ya mkoba, akaitazama bila kusema kwa muda mrefu hadi nikaogopa. Kisha akanyoosha kidole kushoto. Ile kalenda ilikuwa imekatwa pembeni. Katika picha halisi, ukingoni kushoto, kuna nyumba, na mbele yake watu wameinama kwenye moto mkubwa, na juu ya mlango kibao kimeninginia kwa ndoano moja kinakaribia kuanguka. Nikasoma maelezo nikamwambia ni nyumba ya wageni. "Miaka thelathini," akasema, "sikujua wale watu wana pa kufikia." Tulirudi tena Ijumaa.

Theluji ilikuwa haijaanguka. Kulikuwa na mabaki ya kijivu pembeni mwa barabara tu, na mama hakulalamika, lakini kila asubuhi kwenye chai alikuwa anageuka dirishani. Mwenye nyumba alimwona. Hawakuwa na lugha ya pamoja hata moja, wale wawili. Usiku wa saba, yaani alfajiri ya Jumamosi, saa kumi na moja na nusu, mlango ukagongwa polepole. Alikuwa amevaa gauni la kulalia na koti juu, akasema neno moja, Schnee, akaonyesha uani.

Tulifungua madirisha yote mawili. Ilikuwa inaanguka ile nzito, kimya kabisa, chini ya taa ya uani, na baiskeli zilikuwa zimeshapotea nusu. Mama alitoa mkono nje akauacha hapo hadi kiganja kikawa cheupe. Mwenye nyumba akaenda jikoni akarudi na chai.

Jongoo

Dada nimesoma nimesimama. Naomba radhi kwa kukutisha. Niulize tu: bafu la korido, mlilionaje? Na jumla ilikuwaje? Nataka kumpeleka baba.

Kifunguamimba

Hukunitisha bure kaka, usiku wako wa kituoni ndio ulionifanya niulize kuhusu kengele.

Bafu ndilo sikulipenda. Kingo yake ya kuingilia ilikuwa juu, karibu na goti, na hakuna cha kushika. Nilikuwa naingia na mama kila siku namshika kwapani, na kandambili nilizonunua zilikuwa na soli laini mno. Kwa baba yako uliza urefu wa kingo hiyo kwa sentimita, kama babu alivyosema kuhusu vidato. Mimi sikuuliza.

Malazi euro 666, kodi ya mji ilikuwa imo. Taslimu walipunguza euro 10. Tuliacha 15 mezani kwa dada anayetandika, na kokoto zote nilizifagia mwenyewe asubuhi ya kuondoka.

Jina la nyumba nakutumia faraghani. Ukiwaandikia, omba chumba cha uani chenye choo, na useme mapema kama baba anatembea na fimbo. Kiti chenye mto mwekundu wanacho.